Haisomeki, au Imefungwa?

Ninapoandika makala haya nina DVD mbili mezani. Ya kwanza ni ya dukani: ina ganda gumu na picha ya rangi usoni. Mpwa wangu aliinunua Muscat akanipelekea kwa mkono wa msafiri, kwa kuwa anajua napenda filamu za kale. Ya pili haina picha. Usoni imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wa haraka wa mpiga video wa mtaani: "Kuagwa Mkuu 2009". Ukizipeleka sokoni, ya pili haipati mnunuzi hata wa shilingi mia. Lakini mtu akija hapa akataka tubadilishane, ile ya dukani nitampa bure na hii ya pili sitampa kwa bei yoyote.

Ndani yake yumo marehemu mwalimu mwenzangu akighani shairi la beti 12, alilomtungia mkuu wetu wa shule siku tulipomuaga. Mwenzangu yule alikuwa mtunzi wa kichwani. Karatasi aliiona kama mkongojo wa mtu asiyeumwa miguu. Alitunga akitembea, akaghani akitutazama usoni, na kilichobaki ni kile tu kilichonaswa na kamera. Alipofariki, binti yake alinijia akanambia, "Baba mdogo, tumepekua madaftari yote, shairi lile halimo. Unayo ile DVD? Tungependa lisomwe siku ya arobaini." Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ninayo, na kwamba baada ya siku mbili atalipata.

Mashine yangu ya DVD ya sebuleni ilikwisha kufa miaka mingi. Nilichonacho ni kompyuta ya mkononi iliyozeeka, au tarakilishi kama waiitavyo ndugu zetu wa Kenya. Mjukuu wangu aliiwekea mfumo huria wa Ubuntu pale mfumo wa awali ulipokuwa mzito kupita nguvu zake, na tangu siku hiyo imeniandikia makala na barua bila kulalamika. Niliitia DVD ya mwenzangu. Kiendeshi kikanguruma, kikanyamaza, kikanguruma tena. Kisha programu ya kuchezea video ikanambia kwa Kiingereza kwamba imeshindwa kufungua diski. Nikaitia ile ya Muscat ili nipime. Jibu likawa lilelile, neno kwa neno.

Kesho yake nilizipeleka zote mbili kwa fundi kijana, Ngamiani. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, baba." Akazijaribu kwa mashine yake, moja baada ya nyingine, kila moja kwa muda usiofika dakika, kisha akanirudishia kwa mikono miwili na kwa huruma ya kweli: "Mwalimu, hizi hazisomeki. Hapa hakuna kitu tena."

Njiani kurudi nyumbani, neno lile lilinikaa kichwani. Nimefundisha kauli za vitenzi kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka nilianza na chungu. Chungu kimevunjika, chungu kimevunjwa. Wanafunzi hucheka, maana wanajua tofauti yake tangu utotoni: kinachovunjika hakina wa kulaumiwa, kinachovunjwa kina aliyekivunja. Kauli ya kutendeka humfunika mtenda kwa shuka. Kauli ya kutendwa haimtaji, lakini humwachia mlango wazi ili tuulize: na nani? Fundi wangu alisema "hazisomeki". Je, zilikuwa hazisomeki, au zilikuwa zimezuiwa zisisomwe?

Hoja yangu leo imesimama juu ya swali hilo. Nasema kwamba tumezoea kuita "mbovu" kitu kilichofungwa, na kwa mazoea hayo tunazitupa sauti za watu wetu. Nasema pia kwamba tumelazwa usingizi na kufuli tukidhani ndilo ulinzi wa kazi ya sanaa, ilhali ulinzi wa shairi tangu enzi na enzi umekuwa nakala.

Nianze na uchunguzi, kwa kuwa hukumu bila uchunguzi ni dhuluma. Mwanafunzi aliponiletea shairi guni sikumwambia "halighaniki" nikaishia hapo. Tulihesabu mizani, tukakagua vina vya kati na vya mwisho, hadi tukakiona kipande kinachochechemea. Niliamua kuzitendea haki hiyo diski zangu mbili.

Hatua ya kwanza ilikuwa kujua kama kiendeshi kinaiona diski yenyewe. Hatua ya pili ilikuwa kuifungua kama sanduku la mafaili badala ya kuicheza kama filamu. Kila DVD ya video ina folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mna mafaili yenye herufi VOB, ambamo picha na sauti zimewekwa. Hapo diski zangu zilizotoa jibu moja zikaanza kutengana. Ile ya Muscat ilifunguka mara moja na majina ya mafaili yake yakajipanga vizuri. Ila kila nilipogusa faili lenyewe, sikupata kitu kinachoeleweka. Ile ya mwenzangu ilifunguka kwa taabu, ikacheza mwanzo wa sherehe nilipoligusa faili lake, kisha ikakwama huku kiendeshi kikikwaruza kama panya darini. Dalili ilikuwa moja na maradhi mawili: ya kwanza ilikuwa nzima na imefungwa, ya pili ilikuwa wazi na imechakaa.

Nieleze habari ya kufuli. DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, makampuni ya filamu yalitaka mfumo wa kuzichanganya data ili zisisomwe na mashine isiyoruhusiwa. Mfumo huo huitwa CSS. Waliotengeneza mashine za kuchezea DVD walipewa funguo kwa mkataba na kwa sharti la kutunza siri. Sharti hilo ndilo lililoiacha programu huria nje ya mlango. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake unasomwa na yeyote; haina kabati la kufichia siri, kwa hiyo haiwezi kuapa kuitunza. Mtu aliyenunua diski kwa fedha halali na kompyuta kwa fedha halali akajikuta haruhusiwi kukutanisha mali zake mbili, kwa sababu tu mfumo alioupenda ni wa kusema wazi.

Juu ya kufuli hilo liko la pili, na hili linatuhusu sisi Waswahili kwa namna ya pekee. Dunia iligawanywa katika kanda sita, na diski nyingi za filamu zikapewa nambari ya ukanda. Marekani na Kanada ni ukanda wa 1. Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati ni ukanda wa 2. Sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na India na Urusi, ni ukanda wa 5. Tazama sasa: Mombasa, Unguja na Tanga zipo ukanda wa 5; Muscat ipo ukanda wa 2. Kaskazi na kusi zimevusha majahazi kati ya miji hiyo kwa karne nyingi. Zimevusha tende na boriti, maharusi na mashairi, na hakuna nahodha aliyewahi kuulizwa shairi lake ni la ukanda gani. Leo mpwa wangu ananunua filamu Muscat, anaituma kwa mjomba wake Tanga, na kipande cha plastiki kinatwambia kwamba sisi si wa pwani moja. Kiendeshi cha kompyuta humruhusu mwenyewe kubadili ukanda mara tano tu. Baada ya hapo hubaki palepale milele.

Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kufuli la CSS lilitumia ufunguo wenye biti 40 tu, nao ni mfupi mno kwa kompyuta za zama hizi. Mwaka 1999 kijana wa Norwei aitwaye Jon Lech Johansen, mwenye umri wa miaka 15, pamoja na wenzake wawili wasiojitaja, walitoa programu iitwayo DeCSS iliyolifungua. Alishtakiwa kwao, akaachiwa huru na mahakama ya Oslo Januari 2003, na mahakama ya rufaa ikamwachia tena Desemba mwaka huohuo. Mahakama ilikubali kwamba mtu aliyeinunua diski yake ana haki ya kuitazama kwa kifaa akipendacho.

Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume. Jarida lililochapisha msimbo ule lilipigwa marufuku kuueneza mwaka 2000, na watu wakaanza kuuandika msimbo mahali ambapo hakimu angeona haya kuukataza, hata wakauchapa kwenye fulana. Wapo walioona kwamba njia iliyo bora ni ya kishairi. Mwaka 2001 Seth Schoen aliyaeleza maarifa yote ya kulifungua kufuli la DVD kwa haiku, ule utungo wa Kijapani wenye mishororo mitatu ya mizani 5, 7 na 5. Beti zake zilipita 400. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa na nzito kuijibu: ikiwa maarifa haya yanaweza kusemwa kwa shairi, basi maarifa haya ni kauli, na mnayemziba mdomo ni mshairi. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ilikiri kwamba msimbo wa kompyuta ni aina ya kauli, ijapokuwa iliiacha marufuku isimame. Nimeisimulia habari hii kwa vijana wanaodhani kwamba ushairi hauna kazi katika zama za kompyuta. Watu walipotaka kuithibitishia mahakama kwamba wanasema, hawakutafuta insha wala hotuba, walihesabu mizani.

Basi mimi niliifungua vipi diski ya Muscat? Ipo maktaba ndogo ya programu iitwayo libdvdcss, iliyoandikwa na watu wa VideoLAN. Mradi huo ulianzishwa na wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha Paris, na ndio waliotupa pia kichezeshi cha VLC chenye alama ya pia ya barabarani. Kwa sababu za kisheria Ubuntu haiji na maktaba hiyo. Badala yake imeweka kifurushi kidogo kinachouleta msimbo na kuujenga ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kama fundi anayekuletea mbao ili kitanda kipigiliwe chumbani mwako. Amri zenyewe ni mbili, nazo huandikwa kwenye dirisha la amri:

sudo apt install libdvd-pkg

sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg

Watu wengi huandika ya kwanza, wakasahau ya pili, kisha wakasema "imegoma". Amri ya pili ndiyo inayoujenga msimbo. Nilipozimaliza zote mbili, nikaiweka VLC na kuirudisha diski ndani. Filamu ikaanza kana kwamba haijawahi kukataa. Kiendeshi kikiendelea kukataa kwa sababu ya ukanda, ipo programu iitwayo regionset inayokuonyesha kipo ukanda gani na kimebakiza mabadiliko mangapi. Msomaji azingatie kwamba sheria za nchi hazifanani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, kwa mfano, inakataza kuvunja kufuli za namna hii. Kila mtu aangalie sheria ya mahali alipo. Mimi nimeitazama filamu yangu, nikaishukuru zawadi ya mpwa wangu, wala sikuiuza nakala.

Lakini usiku ule sikuwa na furaha. Filamu ambayo ningeweza kuishi bila kuiona ilikuwa inacheza mbele yangu, na shairi nililomwahidi mtoto wa rafiki yangu lilikuwa limelala mezani.

Diski ya mwenzangu haikuwa na kufuli lolote, kwa kuwa mpiga video wa mtaani hana haja nalo. Adui zake walikuwa wengine. Diski za kiwandani hupigwa chapa, lakini diski za kuchoma nyumbani huandikwa na mwali wa leza juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Yangu ilikaa miaka kando ya dirisha linalotazama jua la asubuhi, bila ganda, juu yake pamewekwa vitabu. Ilikwaruzwa na vumbi na ikaunguzwa na jua, na aliyeiweka hapo ni mimi. Kwa kisa hiki siwezi kujificha nyuma ya kauli ya kutendeka.

Kwa maradhi haya ipo programu nyingine huria iitwayo ddrescue. Katika Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue. Haichezi video; kazi yake ni kunakili. Hufanya kama mtahiniwa mwerevu: hujibu kwanza maswali mepesi yote, yale magumu huyaandika pembeni, kisha huyarudia moja moja. Amri yangu ya kwanza ilikuwa hii:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 shairi.iso shairi.map

Maneno /dev/sr0 ndiyo anwani ya kiendeshi, na 2048 ni idadi ya baiti katika kila kijisehemu cha diski. Faili la mwisho, lile la map, ni daftari la kumbukumbu: ndani yake programu huandika ni vijisehemu gani imevipata na vipi bado, hata umeme ukikatika uendelee pale ulipoishia. Duru ya pili huiagiza irudie mara tatu yale yaliyoshindikana:

ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 shairi.iso shairi.map

Niliiacha ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na sehemu ndogo sana iliyosalia, ndogo kiasi kwamba mtu wa hesabu angesema kazi imefaulu. Nikalifungua faili jipya kwa VLC. Mwenzangu akasimama mbele yangu na koti lake la kijivu, akakohoa kama ilivyokuwa desturi yake, akaanza kughani. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilianza kuandika. Alipofika katikati ya ubeti wa 9 picha ikavunjika vipande vya mraba, sauti ikakatika. Iliporudi alikuwa anaanza ubeti wa 11. Ile sehemu ndogo sana ilikuwa nusu ya ubeti wa 9 na ubeti wa 10 mzima.

Nilirudia mara ngapi sikumbuki. Siku ile ya kuagana nilikuwa ukumbini, nilizisikia beti zote 12 kwa masikio yangu, nikapiga makofi, na leo sikumbuki hata kina kimoja cha ubeti wa 10. Nimewauliza waliokuwepo. Wanakumbuka koti na kikohozi.

Mwenzetu mmoja, malenga mzuri, alijitolea kuliziba pengo. Alisema angetunga ubeti na nusu kwa vina vilevile, wala hakuna angejua. Namshukuru kwa nia yake, na nilimkatalia. Mizani ingetimia, sauti isingekuwa ya marehemu. Siku ya arobaini binti yake alilisoma shairi, na alipofika mahali pale alinyamaza kwa kiasi cha ubeti na nusu, kisha akaendelea. Watu wengi walidhani ni machozi.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Zitazameni diski hizi mbili. Filamu ya biashara, yenye maelfu ya nakala duniani, ilitiwa kufuli mbili. Shairi lenye nakala moja tu chini ya mbingu halikuwa na ulinzi wowote. Na hata kule kwenye kufuli mbili, ulinzi ulimzuia nani? Wauzao filamu za magendo mitaani hawakukosa bidhaa hata siku moja. Aliyezuiwa ni mnunuzi halali mwenye mfumo huria.

Najua jibu nitakalopewa. Kuna ndugu zetu watunzi watakaosema: mwalimu, wewe una pensheni, sisi kazi yetu ikisambaa bure tutakula nini? Swali hilo ni la haki na silibezi. Mtunzi ana haki ya kutambuliwa na ana haki ya kulipwa, na anayechapisha diwani ya mwenzake bila ruhusa ni mwizi. Lakini haki hiyo hulindwa na sheria, mkataba na uungwana wa wasomaji. Kufuli halimjui mwizi wala mwenye mali. Linajua tu mwenye ufunguo na asiye nao. Na ufunguo ukipotea, au kampuni iliyoutoa ikafa, kufuli huendelea kufunga kwa uaminifu uleule, hata dhidi ya wajukuu wa mtunzi mwenyewe.

Tuwatazame waliotutangulia. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa yamejaa mafumbo ya siasa za mji wake, yaani yalikuwa na kufuli lake, lakini lile ambalo ufunguo wake ni akili ya msikilizaji. Hayakuhifadhiwa na mafumbo hayo. Yalihifadhiwa kwa sababu watu waliyakariri, na kwa sababu katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. William Taylor akazichukua karatasi hizo, na William Hichens akaichapisha diwani mwaka 1940. Kila mmoja katika mnyororo huo alitoa nakala. Laiti mmoja wao angesema "haya ni yangu, nayafungia sandukuni", leo tungekuwa na jina la Muyaka bila sauti yake.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji mambo mawili.

La kwanza ni la matendo. Kila aliye na DVD au kanda yenye sauti ya malenga, ya bibi akiimba, ya ngonjera za shule iliyokwisha kubadilika jina, asingoje msiba. Ainakili wiki hii, maadamu inasomeka. Nakala moja ikae kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nyumbani kwa mtu mwingine kabisa. Maneno ya shairi yaandikwe kwa mkono au kwa maandishi matupu ya kompyuta, pamoja na jina la mtunzi, mahali na tarehe. Anayekodi mpiga video adai apewe faili lenyewe, asiridhike na diski peke yake. Mimi nilikuwa na diski yangu tangu mwaka 2009, na kazi ya kuinakili ikiwa bado nzima haizidi nusu saa. Sikuwahi kuwa na nusu saa.

La pili ni la lugha, na hapa nazungumza na wenzangu wa kamusi na istilahi. Tunasema "imegoma", kana kwamba mashine ina chama cha wafanyakazi. Tunasema "imekataa", "imekufa", "haisomeki". Maneno haya yote yanatuzuia kuuliza swali linalofuata. Tuyape maradhi majina yake: diski iliyofungwa, diski ya ukanda mwingine, diski iliyochakaa, diski isiyokamilishwa, yaani ile ambayo mashine ya kurekodia iliiacha bila kuifunga kazi. Maneno haya ni ya kawaida na kila mtu anayajua. Kinachotakiwa ni kuyazoea. Fundi wa Ngamiani si mjinga. Angekuwa na majina manne mdomoni, angenipa majibu mawili tofauti badala ya moja.

Tena tusidhani kwamba Kiswahili hakijawahi kuingia katika nyumba hii. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo Ubuntu ilitoka kwa mara ya kwanza. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa, na mwanafunzi yeyote wa isimu ya Kibantu atalitambua: ng'oa viambishi vya mbele, linganisha mzizi -ntu na wetu -tu, na unachobaki nacho ni utu. Mfumo wenye jina la utu umo ndani ya kompyuta zetu, lakini unapopatwa na tatizo tunauliza kwa Kiingereza na tunajibiwa kwa Kiingereza. Kila mmoja wetu anayetatua tatizo dogo aliandike kwa Kiswahili fasaha mahali wengine watakapolisoma. Hiyo nayo ni nakala.

Diski ya mwenzangu nimeirudishia ganda na kuiweka kabatini, mbali na jua. Faili lake liko katika nyumba tatu. Ikiwa yupo msomaji aliyekuwa ukumbini siku ile na anaukumbuka ubeti wa 10, hata mshororo mmoja, binti yake bado ameacha nafasi katika daftari. Nami nafunga kwa ubeti huu:

Kufuli halina dhima, ya kulinda yenye hadhi,
Zikwaruzwapo huzima, santuri zina maradhi,
Toa nakala mapema, uwape walio radhi,
Neno hili nimesema, nakala ndiyo hifadhi.